Gesi, Chupa na Chumvi: Uhakiki wa Lugha ya Kuchanganua Maji Nyumbani, kwa Kumzingatia Msomaji wa Kisangani

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa majaribio ya sayansi ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya nje ya maabara, ni machache yaliyo mepesi kuelezwa na magumu kuelezwa vizuri kama lile la kuchanganua maji kwa umeme. Vifaa vyake ni vya nyumbani: bakuli la plastiki, maji, betri, nyaya mbili, vijiti viwili vya kaboni na chupa mbili ndogo. Umeme unapopita ndani ya maji, viputo huanza kutoka katika kila kijiti. Katika kijiti kilichofungwa kwenye ncha hasi ya betri hutoka haidrojeni, na katika kile cha ncha chanya hutoka oksijeni. Gesi hizo zikikusanywa kila moja mahali pake, haidrojeni huwa takriban maradufu ya oksijeni kwa ujazo. Hapo mwanafunzi huwa ameona kwa macho yake jambo ambalo fomula ya maji humwambia kwa herufi na tarakimu tu.

Makala haya hayahusu kemia ya jaribio hilo bali lugha yake. Kwa muda mrefu mjadala wa Kiswahili cha sayansi umekuwa mjadala wa istilahi: neno lipi litoholewe, lipi liundwe, lipi litafsiriwe. Mjadala huo una manufaa yake. Hata hivyo, hoja inayotetewa hapa ni kwamba hatari kubwa ya matini ya jaribio haimo katika istilahi, bali imo katika maneno ya kawaida ambayo hakuna kamati inayoyajadili, na katika sentensi fupi za kuamrisha ambazo kila mwalimu huziandika bila kusita. Msomaji asiyejua maana ya anodi atauliza au ataacha. Msomaji anayedhani kwamba anajua maana ya chumvi hatauliza.

Msomaji aliyechaguliwa kuwa kipimo ni wa Kisangani, mkoani Tshopo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uteuzi huo una sababu. Kiswahili kilifika huko pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na mwaka 1887 Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls, eneo la maporomoko ambayo leo huitwa Boyoma. Leo lugha hiyo huishi mjini humo bega kwa bega na Kilingala, huku Kifaransa kikiwa lugha ya shule na ofisi. Kiswahili cha mji huo kina sura yake, na kimefanyiwa utafiti wa pekee katika kitabu cha Nico Nassenstein cha mwaka 2015. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi katika ufundishaji. Tena nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo si jambo la kubahatisha tena kwamba matini ya sayansi iliyoandikwa Dar es Salaam au Nairobi inaweza kusomwa kando ya mto Tshopo. Lililobaki kuulizwa ni jinsi itakavyosomwa huko.

2.0 Istilahi na Mipaka Yake

Ni vema kuanza na upande ambao wataalamu wengi wameufanyia kazi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa, kwani ilionyesha kwamba dhana za sayansi zinaweza kupangwa kwa Kiswahili kwa utaratibu. Hata hivyo tofauti za tahajia na za asili ya maneno zimebaki. Maandishi ya Kiswahili yana haidrojeni na hidrojeni. La kwanza linafuata matamshi ya Kiingereza. La pili liko karibu zaidi na sikio la mtu aliyesoma kwa Kifaransa. Yapo pia maumbo ya kutohoa kama elektrolisisi, anodi na kathodi, na yapo maelezo kama uchanganuzi kwa umeme.

Tofauti hizi huzua mabishano marefu, lakini madhara yake kwa msomaji ni madogo. Historia ya istilahi zenyewe inathibitisha hivyo. William Nicholson na Anthony Carlisle walichanganua maji kwa umeme huko London mwaka 1800, mwaka uleule ambao Volta alitangaza rundo lake la vipande vya metali. Walifanya hivyo kabla ya maneno anodi na kathodi kuwako. Maneno hayo yalikuja mwaka 1834, wakati Michael Faraday, ambaye katika ujana wake alikuwa mwanagenzi wa mjalidi wa vitabu na hakusomea Kigiriki, alipomwandikia William Whewell wa Cambridge kumwomba msaada. Yaani hata katika Kiingereza, istilahi hizo zilikuwa maneno ya kigeni yaliyotungwa kwa barua. Zaidi ya hayo, istilahi yaweza kubeba kosa na bado ikafaa. Lavoisier na wenzake waliita oksijeni kwa jina lenye maana ya mzaa asidi, wakiamini kwamba kila asidi ina gesi hiyo. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba klorini ni elementi na kwamba asidi inayoundwa na klorini na haidrojeni haina oksijeni. Jina halikubadilishwa, wala hakuna aliyedhurika.

Basi istilahi hujirekebisha kwa mazoea. Neno la nyumbani halijirekebishi, kwa kuwa tayari lina maana kamili katika akili ya msomaji.

3.0 Sentensi Nne

Sentensi zifuatazo ni za mfano. Hazikunukuliwa kutoka katika kitabu chochote, bali zimetungwa kwa kufuata mtindo uliozoeleka katika masomo ya aina hii, ili udhaifu wa mtindo wenyewe uonekane:

(a) Tia chumvi kidogo katika maji.
(b) Unganisha nyaya na betri.
(c) Kinga gesi katika chupa.
(d) Sogeza kibanzi chenye moto kwenye mdomo wa chupa.

Kila sentensi ni sahihi kisarufi. Kila moja ni fupi na inaeleweka. Aidha, kila moja yaweza kumdhuru aitiiye.

3.1 Chumvi

Maji safi hupitisha umeme kwa shida, hivyo ni lazima yaongezwe kitu. Katika kemia, chumvi ni jina la jamii nzima ya michanganyiko: chumvi ya kula ni mmoja tu miongoni mwake, na bikaboneti ya sodiamu ni mwingine. Mwandishi wa sentensi (a) huenda alikuwa na jamii hiyo akilini. Msomaji aliye nyumbani hana jamii akilini. Ana kopo lililo jikoni. Awe anasema chumvi au, kwa Kilingala, mungwa, atatia kile kinachotiwa katika mboga.

Matokeo yake si yale yanayotarajiwa. Katika maji yenye chumvi ya kula, kijiti cha ncha chanya hutoa klorini pamoja na oksijeni, au badala yake. Klorini ni gesi yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Upande wa pili maji huanza kuwa na hidroksidi ya sodiamu, ambayo huunguza ngozi. Somo nalo huharibika: kwa kuwa klorini huyeyuka majini kwa wingi kuliko oksijeni, gesi inayokusanywa upande huo haifikii kipimo, na mwanafunzi hauoni uwiano wa mbili kwa moja aliouahidiwa. Amevuta sumu na hakujifunza alichotafuta.

Lazima isemwe kwamba umeme na chumvi ya kula si maadui wa binadamu kwa kila hali. Kwa njia hiyohiyo hutengenezwa maji ya klorini ya kuulia vijidudu, na vifaa vidogo vya kazi hiyo vimetumika katika nchi mbalimbali kusafisha maji ya kunywa. Tofauti ni kwamba huko klorini ndiyo inayotafutwa, na mtumiaji ameambiwa hivyo. Katika sentensi (a) inakuja bila kualikwa.

Wengine wamependekeza neno magadi kama tiba. Neno hilo ni zuri, lina asili yake katika upishi wa Afrika Mashariki, na Ziwa Magadi la Kenya linajulikana kwa madini hayo. Lakini magadi yanayochimbwa yanaweza kuwa na kiasi cha chumvi ya kula ndani yake, hivyo tatizo laweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Tena si kila msomaji wa Kisangani analitumia neno hilo. Njia salama ni kusema wazi: unga wa bikaboneti ambao wapishi huutia katika mikate na maandazi ili yaumuke, na si chumvi ya kula. Maneno matano ya mwisho ndiyo muhimu kuliko yote, na ndiyo ambayo mtindo wa sentensi fupi huyaacha.

3.2 Betri

Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, betri ni neno pana. Kuna betri ya saa, ya redio, ya gari. Muktadha ndio unaochagua. Kwa msomaji aliyezoea Kifaransa, mambo yamegawanyika. Betri kavu ya tochi huitwa pile, neno lenye maana ya rundo, ambalo limesalia tangu rundo la Volta. Batterie kwa kawaida ni ile kubwa ya gari. Mtoto wa Kisangani anayetumwa dukani kununua pile anatamka jina la chombo cha mwaka 1800 bila kujua. Akisoma betri katika matini ya Kiswahili, sikio lake linaweza kumpeleka moja kwa moja kwenye batterie.

Tofauti hiyo ni ya hatari. Jaribio linahitaji volti chache tu: kwa nadharia maji huanza kuchanganuka kwa volti 1.23, na betri ndogo ya volti 9 inatosha na kuzidi. Betri ya gari ina asidi ya salfuriki ndani yake, na nyaya zake zikigusana hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuyeyusha waya na kurusha cheche, jambo ambalo halifai kabisa karibu na haidrojeni.

Hatari huzidi pale mwandishi anapoandika umeme badala ya betri. Mjini Kisangani neno kura, lililotokana na Kifaransa na linalotumika pia katika Kilingala, huweza kusikika kwa maana ya umeme, hasa ule unaofika nyumbani kwa nyaya za barabarani. Msomaji wa Mombasa akisikia kwamba kura imekatika atafikiri juu ya uchaguzi. Kichekesho hicho kina upande wa pili: msomaji wa Kisangani akiambiwa aunganishe nyaya na umeme, anaweza kufikiri juu ya tundu la ukutani. Tangu miaka ya 1950 mji huo una kituo cha kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya mto Tshopo. Kwa hiyo umeme mjini ni jambo la kale, ingawa haufiki kila nyumba. Volti 220 ndani ya bakuli la maji yenye bikaboneti ni kifo. Matini isiyotaja aina ya betri, ukubwa wake, na katazo la umeme wa ukutani haijakamilika, hata kama istilahi zake zote zimeidhinishwa.

3.3 Gesi na Chupa

Sentensi (c) inastahili uangalifu wa pekee, maana kosa lake limejificha katika sarufi. Nomino gesi iko katika ngeli ambayo umbo la umoja na la wingi halitofautiani. Nomino chupa nayo ni hivyo. Kitenzi kinga kiko katika hali ya kuamrisha na hakibebi kiambishi kinachorejelea mtendwa. Matokeo yake, Kinga gesi katika chupa ina tafsiri nne: gesi moja katika chupa moja, gesi moja katika chupa kadhaa, gesi mbili katika chupa mbili, na gesi mbili katika chupa moja. Tafsiri ya mwisho ni halali kabisa kwa kanuni za lugha. Katika kemia ni bomu dogo. Haidrojeni na oksijeni zikichanganyika kwa uwiano uleule zilivyotoka majini hulipuka kwa nguvu zinapoguswa na moto, na chupa ikiwa ya kioo, vipande vyake huruka. Hata bila oksijeni safi, haidrojeni ikichanganyika na hewa ya kawaida huweza kuwaka inapokuwa kati ya asilimia 4 na 75 ya mchanganyiko, nafasi iliyo pana sana.

Kifaransa hutegemea vibainishi ili kuonyesha idadi, na Kiingereza hubadili umbo la nomino. Kiswahili kina njia zake, ambazo ni bora kuliko hizo mbili, ila sharti zitumike. Kivumishi kimoja kinatosha: gesi hii, gesi hizi, chupa mbili. Neno kila lina nguvu zaidi, kwa kuwa linagawa: Kinga kila gesi katika chupa yake. Sentensi hii imeongezwa maneno mawili tu, na tafsiri tatu kati ya nne zimefutika.

Kuhusu kitenzi, sifa zinastahili kutolewa. Kukinga ni neno linalofaa kuliko kukusanya. Mtu hukinga maji ya mvua kwa kuweka chombo mahali yanapopita, hayafuati, huyasubiri. Hivyo ndivyo gesi inavyopatikana katika jaribio hili. Lakini mvua hushuka na viputo hupanda, hivyo msomaji anayeijua lugha vizuri ataweka mdomo wa chupa juu, kama anavyokinga mvua, na gesi yote itampita. Kiswahili kina kitenzi kinachokamilisha picha: kufudikiza. Chupa hujazwa maji pomoni, huzibwa kwa kidole, hufudikizwa ndani ya bakuli, kisha kidole huondolewa na mdomo wa chupa huwekwa juu ya kijiti. Viputo vinapanda na kusukuma maji yashuke. Kufudikiza na kukinga, vikitumiwa pamoja, vinaeleza ufundi wote wa kukusanya gesi juu ya maji bila msaada wa lugha nyingine.

Hewa na mvuke, maneno mawili ambayo baadhi ya waandishi huyatumia badala ya gesi, hayafai hapa. Anayesoma mvuke atadhani kwamba maji yamechemka, na kwamba yakipoa atayapata tena. Anayesoma hewa atadhani kwamba kinachopanda ni kile anachokivuta kila siku. Wote wawili watakosa jambo la msingi, kwamba kilichotoka si maji tena, wala si hewa, na kwamba kimoja kati yake kinawaka.

3.4 Moto

Sentensi (d) inachanganya vipimo viwili. Haidrojeni hutambuliwa kwa mwali: gesi kidogo ikiguswa na kibanzi kinachowaka hutoa mlio mfupi. Oksijeni hutambuliwa kwa kaa: kibanzi kilichozimwa mwali, kikabaki na ncha nyekundu, huwaka upya kinapoingizwa ndani yake. Moto ni jina la vyote viwili, mwali na kaa. Jamii zinazopika kwa kuni na makaa haziwezi kukosa maneno ya kuvitofautisha, na kwa hakika Kiswahili kinayo. Mwandishi anayeridhika na moto ameiacha hazina ya lugha nje ya mlango, naye msomaji huachiwa kuchagua.

4.0 Amri na Sababu

Kasoro zote nne zina chanzo kimoja. Sentensi hizo ni amri zisizo na sababu. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyoandikwa katika vitabu vya mafunzo vilivyokusudiwa kumwezesha Mzungu kumwamuru mfanyakazi. Katika lugha ya aina hiyo sababu si ya lazima, kwa kuwa anayeamriwa hatakiwi kuelewa bali kutenda, na anayeamuru yuko karibu kumsahihisha.

Mfano wa Katanga unagusa mada hii kwa karibu. Elektrolisisi si jambo geni katika Kongo ya wasemaji wa Kiswahili. Kiwanda cha Shituru, Likasi, kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, na kile cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilifuata mwaka 1960. Maelfu ya wafanyakazi waliozungumza Kiswahili walisimama kando ya matangi hayo, lakini maelezo ya kisayansi ya kilichokuwa kikitendeka ndani yake yalikuwa ya Kifaransa. Mikono ilikuwa ya Kiswahili, sababu haikuwa. Matini ya jaribio inayoandikwa leo kwa amri tupu inarithi mgawanyo huo, hata kama mwandishi wake ni mzalendo wa lugha.

Ukosefu wa sababu una matokeo mengine yasiyoonekana kwa haraka. Matini nyingi za mtindo huu husema kidogo na subiri, bila kumwambia msomaji atarajie nini. Mkondo wa ampia 1 ukipita kwa saa moja hutoa takriban lita 0.45 ya haidrojeni katika joto la kawaida la chumba, na hutumia maji ya uzito wa theluthi moja ya gramu tu. Betri ndogo ikitoa sehemu ya kumi ya mkondo huo, saa nzima itampa mwanafunzi mililita 45 hivi, ujazo wa vijiko vitatu vya kulia. Asiyeambiwa hivyo, akiona viputo vidogo vikijikokota, atahitimisha kwamba amekosea. Ataongeza chumvi. Atatafuta betri kubwa zaidi. Ni ukimya wa matini unaomsukuma, wala si utukutu wake.

Huenda ikasemwa kwamba jaribio hili lisifanywe nyumbani kamwe. Hoja hiyo ina uzito pale penye maabara. Mahali ambapo maabara haipo au haina vifaa, kulikataza jaribio katika kitabu hakulizuii katika ua. Huenda pia ikasemwa kwamba maelezo marefu humchosha mwanafunzi, na kwamba Kiswahili sanifu hakiwezi kuandikwa upya kwa kila mji. Hoja hizi zinahitaji jibu la vitendo. Kinachodaiwa hapa si lahaja ya Kisangani katika kila kitabu, bali maelezo wazi ya kitu pale ambapo jina lake linajulikana kugawanyika. Usemi betri kavu ndogo ya mraba, ya volti 9, unaeleweka Zanzibar, Kampala na Kisangani bila kubadilishwa.

5.0 Matini Mbadala

Ili hoja isibaki hewani, sentensi nne zinaweza kuandikwa upya hivi:

(a) Koroga kijiko kimoja cha unga wa bikaboneti katika maji ya bakuli ili yapitishe umeme. Usitie chumvi ya kula, kwa sababu hutoa klorini, ambayo ni sumu.

(b) Funga waya mmoja kwenye kila ncha ya betri kavu ndogo ya volti 9. Usitumie betri ya gari wala umeme wa ukutani, kwa sababu vinaweza kuunguza au kuua.

(c) Jaza chupa mbili ndogo za plastiki maji pomoni, zifudikize ndani ya bakuli, na uweke moja juu ya kila kijiti. Kinga kila gesi katika chupa yake. Zikichanganyika katika chupa moja hulipuka zinapoguswa na moto.

(d) Tenga betri kwanza, na uwe mbali na jiko. Mbele ya mtu mzima, kwa chupa ya haidrojeni tumia kibanzi chenye mwali. Kwa chupa ya oksijeni tumia kibanzi kilichozimwa mwali chenye kaa jekundu.

Matini hii ni ndefu maradufu na zaidi. Haina istilahi hata moja ambayo haikuwamo katika ile ya kwanza, isipokuwa bikaboneti, klorini, volti na majina ya gesi mbili. Urefu wake wote umetumika kwa mambo mawili: kutaja kitu kinachokatazwa kando ya kile kinachoagizwa, na kutoa sababu. Jambo moja zaidi lafaa kuongezwa chini yake: kwamba sehemu ya oksijeni huungana na kaboni ya kijiti na sehemu huyeyuka majini, hivyo chupa ya oksijeni yaweza kuwa pungufu ya nusu ya ile ya haidrojeni. Mwanafunzi akijua hivyo mapema, hatalazimika kughushi kipimo ili kumridhisha mwalimu.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kutosha wa kueleza uchanganuzi wa maji, na kwamba pale matini inaposhindwa, aghalabu si kwa upungufu wa lugha bali kwa ubahili wa mwandishi. Kukinga, kufudikiza, mwali, kaa, na kila ni maneno ya zamani yanayofanya kazi ambayo istilahi mpya haziwezi kuifanya.

Suala hili halikomei kwa wanafunzi. Katika nyumba nyingi za Kongo na Afrika Mashariki zinazotumia paneli za jua, uchanganuzi wa maji unafanyika kila siku bila kutajwa. Betri ya asidi inapochajiwa kupita kiasi, maji yaliyomo huchanganuka kuwa haidrojeni na oksijeni. Ndiyo maana maji ya betri za kufunguliwa hupungua na kuhitaji kuongezwa, na ndiyo maana betri iliyofungiwa katika chumba kisicho na hewa ya kutosha yaweza kulipuka kwa cheche moja. Mafundi wengi humwonya mteja asiweke betri chumbani mwa kulala wala karibu na jiko. Onyo ni sahihi, lakini likibaki amri tupu, litavunjwa siku ambayo chumba kingine kimejaa au mvua inavuja. Idara za Kiswahili zinazotaka kuonekana zina faida nje ya kuta zake zingeweza kuanza na sentensi hiyo moja, na kuiandika kwa Kiswahili kinachosomeka Kisangani, pamoja na sababu yake.